Pedali Mbili za Shimba

Shimba alikuwa mpiga solo wa Pasiansi Sound, na kama ulitaka kumkosea adabu ungemwita mpiga gitaa tu. Ridhimu ni gitaa, besi ni gitaa, lakini solo, alikuwa akisema, ni kiti. Alikikalia kiti hicho tangu bendi inaanzishwa, akaota kitambi nacho, akaota mvi nacho, na hakuna aliyethubutu kukigusa mpaka mwaka jana, kule Igombe.

Igombe wana mashindano yao kila baada ya mavuno, na mashindano hayo hayana jaji. Wasukuma walishayamaliza mambo ya majaji zamani: unaweka ngoma mbili kwenye uwanja mmoja, hii huku na hii kule, zinapigwa kwa wakati mmoja, na watu wanakwenda wanakopenda. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna kamati wala rufaa. Aliyeshindwa anaiona migongo ya watu kwa macho yake mwenyewe. Watu wa Igombe wamelichukua jambo hilo wakalitia umeme: badala ya ngoma wanaweka bendi mbili, moja upande wa mawe makubwa, nyingine upande wa ziwa kunakoanikwa dagaa, na spika zinatazamana.

Mwaka jana Pasiansi Sound walipambanishwa na bendi kutoka Nansio, wakashindwa vibaya. Sababu yenyewe ilikuwa fupi. Alasiri ile Shimba alishika sebene moja, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu, akaiona tamu, akaikumbatia, akawa hataki kuiachia. Wilhelmina, mwimbaji na mkuu wa bendi, alimkonyeza, akamkoholea, mwisho akamkanyaga mguu. Shimba alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, mbele yake palikuwa na mbwa mmoja na mama muuza karanga, na huyo mama naye alikuwa anafunga beseni lake ahamie upande wa pili.

Lakini nani ataenda kwa wenzake akasema, jamani, nimewachosha watu? Shimba alitupa macho upande wa ziwa, akaona miguuni pa Pius, mpiga solo wa Nansio, kitu kidogo chenye taa nyekundu. Roho ikamtulia papo hapo.

"Mmeona?" akawaambia wenzake walipokuwa wanakunja waya. "Yule ana pedali ya mwangwi. Akipiga noti moja, mashine inairudia mara nne. Sasa mimi na vidole vyangu hivi nishindane na mashine?"

Wakaafiki wote, tena kwa furaha, maana sababu ile haikumgusa mtu yeyote ndani ya bendi. Ng'washi, mpiga drams, aliapa kwamba hata yeye aliusikia ule mwangwi, ingawa pale anapokaa Ng'washi hajawahi kusikia kitu kingine zaidi ya drams zake.

Ieleweke kwamba hawa ni watu wa dini. Wilhelmina ni mzee wa kanisa. Ng'washi hashiki vijiti kabla ya kufanya ishara ya msalaba. Ukiwauliza habari za zile dawa ambazo mababu walizifukia uwanjani ili kuvuta watazamaji, watakucheka mpaka uone haya: mambo ya kizamani hayo! Wao walikuwa wanazungumzia teknolojia. Walichokubaliana ni hiki tu, kwamba kipo kitu, ni kidogo, kinakaa miguuni pa mchezaji, kina nguvu ya kuvuta watu, na wao hawana.

Wilhelmina akakata shauri. "Kitafutwe," alisema. "Mwakani tunakutana nao tena. Ila nisikilizeni vizuri. Tukishakuwa na hiyo mashine tukashindwa, basi tatizo halikuwa mashine. Hapo solo atashika Nathaniel."

Nathaniel ndiye aliyekuwa akipiga ridhimu. Alikuwa kijana wa chuo, mpole, shikamoo haikauki mdomoni, vidole vyepesi kama vya mtu anayehesabu noti benki. Shimba hakumpenda hata kidogo.

Kuanzia siku ile Shimba akawa mwanafunzi. Kila asubuhi, chai ikipoa pembeni, alikuwa na simu mkononi akitazama video za Wazungu wenye kofia. Mzungu mmoja aliielezea pedali mpaka betri ya simu ikakaribia kukata roho, kisha akapiga noti tatu, akafumba macho, akatikisa kichwa kama aliyepata habari za msiba. Kiingereza cha Shimba kilikuwa cha kuombea maji, lakini ule uso aliuelewa. Akajifunza maneno. Akaanza kusema "uwazi" na "joto la sauti" mbele ya watu wa mgahawani waliokuwa wanasubiri tu waongezewe maharage. Na baada ya kusoma sana, akabakiwa na mbili: ya bluu na ya kijani. Zote ni za kidijitali, zote zinarudisha ulichopiga. Ya bluu inairudisha noti ilivyo, safi, bila kupunguza kitu. Ya kijani inairudisha imechakaa kidogo, na kila ikirudi inazidi kuchakaa, mpaka ipotee kama mtu anayekwenda zake huku anaongea.

Akaenda Mirongo, dukani kwa Iqbal, ambaye familia yao imekuwa ikiuza vitu vya kupiga kelele tangu enzi za santuri.

"Ipi nzuri?" Shimba akauliza.

"Inategemea unataka nini, mzee wangu."

"Nataka watu."

"Kwa watu, zote zinavuta," alisema Iqbal bila kupepesa. "Hii ya bluu ndiyo inayotoka sana."

"Na ya kijani?"

"Ya kijani wanachukua wale wanaojua."

Shimba akasimama pale anajikuna kichwa. Alitaka ile inayotoka sana, na alitaka pia kuwa miongoni mwa wanaojua. Akaishika hii, akaiweka, akaishika ile. Wateja wengine wakaja, wakanunua, wakaondoka. Mwishowe Iqbal, ambaye alikuwa anataka kufunga akaswali, akazitia zote mbili kwenye mfuko. "Nenda kazijaribu. Baada ya Igombe utanirudishia moja. Binti yangu Zakia anaolewa, mtakuja kunipigia ukumbini, hayo ndiyo malipo, tumemaliza."

Mazoezi yalikuwa uani kwa Wilhelmina, Pasiansi. Shimba alichomeka ya bluu, akapiga. Akachomeka ya kijani, akapiga. Ng'washi akasema hakuna mjadala, ni ya bluu, maana inarudi kwa wakati kama mwanaume wa maana. Nathaniel akasema, kwa heshima zote, wazee wangu, ya kijani ina utu ndani yake. Ng'washi akauliza kama yeye hana utu. Hapo ndipo wimbo uliotakiwa kufanyiwa mazoezi ulipoishia.

Ndani ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa umegawanyika kama Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma wa zamani. Kwaya ya kina mama ikawa ya kijani, isipokuwa sauti ya tatu. Wauza samaki wakawa wa bluu. Fundi baiskeli wa pale kona alikataa kumpulizia upepo mteja wa kijani, akamwambia aende akapulize kwa mwangwi. Wengi wao hawakuwahi kuzisikia pedali zenyewe, na hao ndio waliokuwa wakali zaidi. Watu walimsimamisha Shimba njiani, "Shikamoo mzee, vipi, ni bluu?" naye akajibu marahaba, akaacha swali likining'inia. Maana yeye mwenyewe hakujua. Asubuhi alikuwa bluu kabisa, hana shaka. Ikifika saa sita alianza kuisikia ya kijani ikimwita. Alizoea kuzipanga juu ya meza, akaziangalia, akazibadilisha nafasi, akaziangalia tena. Gitaa lenyewe lilikuwa limeegemea ukuta, na buibui mmoja alikuwa ameanza ujenzi kwenye shingo yake.

Siku ya Igombe ilipofika alikuwa hajachagua. Akabeba zote mbili, akaziunganisha kwa waya, moja ikipokea kutoka kwa mwenzake, akajiambia kwamba hilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Wilhelmina akaviombea vyombo. Waliposema amina, Ng'washi alikuwa ameigeukia ya bluu.

Wakaanza. Shimba akakanyaga, taa mbili zikawaka, akapiga noti ya kwanza. Ya bluu ikairudia. Ya kijani ikakichukua kile kilichorudiwa, nayo ikakirudia, na kabla hajapiga noti ya pili, uwanja ulikuwa umejaa ukoo mzima wa ile ya kwanza. Akapiga nyingine ili kuitafuta ya mwanzo, akaongeza msongamano. Ng'washi alisikia mapigo yakirudi, akadhani amechelewa, akakaza mwendo. Mwangwi nao ukawa nyuma yake, akazidi kukimbia. Wilhelmina alifungua kinywa aingie kwenye ubeti, hakuona mlango, akakifunga, akafungua tena. Upande wa ziwa, bendi ya Nansio ilikuwa inapiga muziki wa kawaida, unaochezeka.

Shimba akaiona migongo. Kwanza ya vijana, kisha ya kina mama wenye watoto, kisha wauza samaki, watu wa bluu kabisa wale, nao wakageuka wakatembea kuelekea ziwani. Pembeni yake Nathaniel alikuwa anachapa ridhimu kwa utulivu wa mrithi, na Shimba akakiona kiti chake kinavutwa taratibu kutoka chini yake.

Kuzizima pedali kungekuwa kuutangazia umma kwamba mwaka mzima ulikuwa ujinga. Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu. Kwenye kila pedali kuna kidude cha kuzungusha, kinachoamua mwangwi uwe mwingi au kidogo. Akavizungusha vyote viwili mpaka mwisho wake, pasipo na mwangwi kabisa, akaziacha taa zinawaka. Alipoinuka, Nathaniel alikuwa anautazama ule mkono. Kisha Nathaniel akayahamishia macho yake ziwani.

Gitaa likabaki kavu. Shimba alisikia woga wa mtu aliyetoka bafuni akakuta wageni sebuleni. Akapiga kipande kifupi kwenye nyuzi nyembamba. Baada ya kurudiwarudiwa na pedali, sikio lake lilitaka jibu, na jibu halikuja. Basi akajijibu mwenyewe: kipande kilekile, nyuzi za chini, kiganja kikiwa kimezilalia ili sauti itoke kwa mbali. Akauliza tena, akajijibu tena, safari hii jibu likiwa limechoka kidogo. Si jambo geni. Alikuwa akilifanya ujanani, kabla hajavimba kichwa na kuanza kupiga sebene za kufumbia macho. Wilhelmina akasikia nafasi kati ya swali na jibu, akaitia sauti yake hapo kama anaingia nyumbani kwake. Ng'washi akapunguza mbio, akatulia. Na Shimba hakufumba macho hata mara moja, aliogopa.

Kwa hiyo aliwaona. Bibi mmoja mwenye ndoo kichwani alisimama katikati ya uwanja, akageuka. Nyuma yake wakageuka wengine. Shimba akapiga swali, umati ukaanza kulisubiri jibu, likija wanapiga kelele. Wauza samaki walirudi wakijifanya kwamba hawakuwahi kuondoka. Jua lilipokuwa linagusa maji, upande wa ziwa walibaki Nansio wenyewe na dagaa.

Pasiansi Sound wakapewa ng'ombe dume na vigelegele. Katika purukushani ile Pius akaja kumpa Shimba mkono, akaziinamia zile pedali kwa huzuni.

"Kumbe mlikuja na mbili," alisema.

"Na wewe unayo yako," Shimba akajibu.

"Ile? Ile ni ya kupimia nyuzi, kuangalia kama gitaa limekaa sawa. Haina mwangwi hata chembe." Pius akatikisa kichwa. "Mwakani tutakuja na tatu."

Shimba alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini watu walikuwa wanambeba juujuu, kwa hiyo ardhi ilikuwa mbali.

Jumatatu waliporudi uani, Wilhelmina aliwapa nyama, akawaacha waanze kula, kisha akasema alichokuwa amekifikiria kanisani.

"Nakiri nilikuwa na mashaka. Lakini watu walikwenda, mashine ikashika moto, watu wakarudi. Nimeona mwenyewe. Sasa kama nguvu ni ya mashine, na mashine tunayo, sioni sababu ya kumtesa Shimba na magoti yake. Nathaniel ashike solo, ndiye mwenye mguu mwepesi wa kukanyaga. Wewe Shimba upumzike kwenye ridhimu."

Mfupa ukamponyoka Shimba mkononi. "Mama Wilhelmina! Ulisema tukishindwa. Tumeshinda!"

"Tumeshinda kwa mashine. Si ulisema mwenyewe kwamba vidole haviwezi kushindana nayo? Tulikusikia, tukakuamini."

Akaamua kusema kweli, kitu ambacho kilimwia vigumu kwa sababu ya kutokukizoea. "Sikilizeni. Ile mashine haikufanya kitu. Niliuondoa mwangwi wote kabla watu hawajarudi, ile nilipoinama."

"Taa zilikuwa zinawaka," alisema Ng'washi.

"Taa niliziacha. Mwangwi niliuondoa."

"Mbona tuliusikia? Uliza na kurudi, uliza na kurudi. Uwanja mzima uliusikia."

"Ni mimi nilikuwa narudi! Kwa mkono! Nathaniel, mwanangu, uliniona. Sema ulichokiona."

Nathaniel alifuta mafuta kwenye midomo yake kwa adabu. "Nilikuona umeinama, mzee. Na taa, kusema ukweli, zilikuwa zinawaka."

Shimba akainuka. Akang'oa waya kutoka kwenye ya bluu, akang'oa kutoka kwenye ya kijani, akazitupa pedali zote mbili kwenye kiti cha plastiki, kila mtu azione. Akalichomeka gitaa moja kwa moja kwenye spika, akapiga. Swali juu, jibu chini. Swali, na jibu la mbali zaidi. Alipiga kwa hasira kwanza, kisha kwa upendo, maana hasira haikuweza kudumu ndani ya muziki ule. Hakurefusha. Alipoacha, hata kuku wa pale uani walikuwa wamesimama, na Shimba alijisikia furaha ambayo hakuwa ameijua kwa miaka mingi. Wamesikia. Sasa wanajua ni nani aliyewarudisha wale watu.

Wilhelmina alikuwa ameweka mkono kifuani. Ng'washi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Yaya!" alishtuka kwa Kisukuma, akirudi nyuma hatua moja. "Imemwingia."

"Nini?"

"Mashine. Haina waya, haina umeme, iko pale kwenye kiti, lakini mwangwi unatoka. Imehamia mkononi mwake!"

Minong'ono ikapita kutoka kwa mpiga besi hadi kwa wacheza shoo. Mmoja wao alisogea kuutazama mkono wa Shimba, hakuugusa. Wilhelmina akainua kidole. "Hapana, tusiongee mambo ya dawa hapa, sisi ni watu wa kanisa. Ila ni kweli kwamba mtu akikaa na kifaa muda mrefu, kifaa kinamzoea. Hiyo ni teknolojia." Akafikiri kidogo, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyekaribia kuitupa mali. "Basi hapo haiwezekani kumtoa. Solo ni ya Shimba mpaka atakapochoka mwenyewe. Na asipige na bendi nyingine, asije akaenda kuwaachia huo mwangwi. Nathaniel, utavumilia, mwanangu."

Nathaniel akasema hakuna shida, mama. Aliutazama ule mkono kwa wivu mtupu, na hakuwa anaigiza. Hata yeye, aliyemwona akivizungusha vidude vile, alikuwa ameanza kuamini.

"Kitu kimoja tu, mzee Shimba," aliuliza. "Imekuingia ipi? Maana moja inatakiwa irudi kwa Iqbal."

Wote wakamgeukia. Shimba aliutazama mkono wake wa kushoto, vidole vilivyoota sugu tangu hajaoa, kucha mojawapo ikiwa imepinda kwa sababu ya uzi wa kwanza aliowahi kuumiliki, waya wa breki ya baiskeli. Alifungua kinywa awaambie ni mkono wa nani. Kisha akaona nyuma ya sentensi hiyo jinsi itakavyokuwa: mkono mtupu, vidole vya mzee, na kijana mwenye mguu mwepesi anasogea mbele kwa shikamoo. Wilhelmina alikuwa anasubiri na mfuko wa Iqbal.

"Ya kijani," alisema Shimba.

Nathaniel akapiga makofi, Ng'washi akanuna, na Wilhelmina akaitia ya bluu kwenye mfuko. Halafu akawaambia wapange vyombo, maana walikuwa na wimbo mzima ambao hawajaufanyia mazoezi.